Kabla hujagawa unga, skia stori ya Straus

Wewe unayepanga kugawa unga mtaani huku kamera ikirekodi, ngoja kidogo. Kuna msee anaitwa Nathan Straus. Alizaliwa Ujerumani 1848, katika familia ya Kiyahudi iliyohamia Marekani akiwa mtoto. Biashara ikamkubali, hadi yeye na ndugu yake Isidor wakamiliki Macy's, duka kubwa la New York.

Enzi hizo, watoto wa mitaa duni walikuwa wanakufa sana, na maziwa machafu yalichangia. Straus hakuwa daktari. Lakini 1893 alianza kuwauzia maskini, kwa bei ya chini kabisa, maziwa yaliyopashwa moto kuua viini vya magonjwa. Alipingwa, hakunyamaza. Mwaka wa 1908 Chicago ikaweka sheria ya maziwa salama, na miji mingine ikafuata.

Usinielewe vibaya. Mwenye njaa hangoji sheria, na Straus pia aligawia watu chakula. Lakini unga huisha, bana. Sheria ya maziwa ililinda hata watoto waliozaliwa baada yake kufa, 1931.

Basi chagua shida moja ya mtaa wenu: maji, taka, mtaro. Ing'ang'anie mpaka iishe, hata kama hakuna anayerekodi.