Bustani za mitaa Nairobi: Sheria ipo, maskini bado wako nje

SHERIA ya kilimo cha mijini iliyopitishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2015 iliondoa shaka ya miaka mingi kuhusu iwapo mkazi wa jiji ana haki ya kupanda mboga. Swali lililobaki ni gumu zaidi: ni mkazi yupi anayepata nafasi ya kupanda?

Kwa maandishi, jibu li wazi. Sheria hiyo inawapa kipaumbele wakazi wa mitaa ya mabanda na maeneo yenye msongamano. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 nayo inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa.

Hali mitaani ni tofauti. Bustani ya pamoja huhitaji ardhi, maji na muda, na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomponyoka maskini.

Wengi wa wakazi wa Kibera, Mathare na Mukuru ni wapangaji. Uwanja ulio mbele ya nyumba si wao, na mwenye nyumba anaweza kuujenga chumba kingine cha kukodisha wakati wowote.

Ndiyo sababu kilimo cha magunia kilishika kasi Kibera baada ya ghasia za uchaguzi za 2007/2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100. Gunia hujazwa udongo, mawe hupangwa katikati ili maji yapenye, kisha sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia halidai hatimiliki.

Hata hivyo, gunia hudai maji. Anayenunua maji kwa mtungi hulipa bei iliyo juu kuliko mwenye mfereji nyumbani. Kiangazi kikija, mboga ndizo hunyimwa kwanza.

Kikwazo cha tatu hakizungumzwi sana. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10 ili kisajiliwe. Usajili hulinda mali ya pamoja, lakini vikundi huendeshwa kwa ada, mikutano na zamu. Kibarua wa mjengo anayeondoka alfajiri na kurejea usiku hukosa zamu, hutozwa faini na hatimaye hujitoa. Hakuna aliyekusudia kumbagua, ila matokeo ni yale yale.

Wasio na mahali pengine hulima kando ya mito. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilibomoa makao yaliyokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na Machi 2025 Rais William Ruto akazindua mradi wa kuufufua Mto Nairobi. Kuwaondoa wakulima hao kuna hoja, kwani maji ya mto huo yamechafuliwa na majitaka na taka za viwanda. Lakini kuwaondoa bila kuwapa shamba mbadala ni kuwahamisha wachafuliwa na kuwaacha wachafuzi.

Tiba haihitaji sheria mpya. Kaunti inaweza kutangaza orodha ya viwanja vya umma visivyotumika, kuwapa wapangaji vibali vya maandishi vya misimu kadhaa, na kuweka mfereji katika kila bustani. Vikundi navyo vinaweza kupanga zamu za Jumapili.

Bila hatua hizo, kipaumbele kilichoandikwa 2015 kitaendelea kuwanufaisha wale ambao tayari wana uwanja, mfereji na wakati.