Njia ya Chumvi Ilipita Kwetu

Ndugu zangu wa Kabanga, Kasulu na Kibondo,

Wenye uwezo duniani hulipa fedha nyingi wapande meli za kitalii na kufuata njia za biashara za kale: mahekalu ya Misri pembezoni mwa jangwa, mwambao wa Oman, kisha Zanzibar na magofu ya Kilwa. Waende salama. Nasi tunayo njia ya namna hiyo, na hatuhitaji meli kuifikia. Tufuate tu mto Ruchugi.

Ruchugi hushuka kutoka vilima vyetu hadi Uvinza na kukutana na mto Malagarasi. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimbua ardhi ya pale, na matabaka ya vigae waliyoyakuta yameonyesha kwamba chumvi imechemshwa Uvinza kwa zaidi ya miaka elfu moja. Moto uliwaka Uvinza kabla Msikiti Mkuu wa Kilwa haujajengwa! Kiangazi watu waliteremka kutoka Buha, nchi yetu Waha, na nchi za jirani, wakachemsha, wakafunga mizigo, wakarudi nayo kichwani. Chumvi ile ilifika Burundi, ilifika Unyamwezi, ilivuka Ziwa Tanganyika.

Misafara ya Bagamoyo ilipofika huku katika karne ya 19, ilikuta soko limekwisha kuchangamka. Wapagazi walipita Tabora, wakavushwa Malagarasi kwa mitumbwi, wakaenda Ujiji. Wasafiri wa Ulaya Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Stanley alifika Novemba 1871 akimtafuta Livingstone, na hadithi hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Asichoambiwa ni kwamba siku chache kabla, Stanley alibanwa na Waha. Alitozwa hongo, ule ushuru wa njia, akalipa kwa vitambaa. Alipoambiwa mbele kuna wengine wanaosubiri chao, aliondoka usiku na msafara wake kwa kunyemelea, akakatiza porini. Mimi kisa hiki hunichekesha, lakini pia kinaonyesha kwamba nchi hii ilikuwa na wenyewe, na mgeni alilijua hilo mfukoni mwake.

Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hilo nalo tuliseme mbele ya watoto wetu, bila kulipunguza.

Sasa sikieni linalonisumbua. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Toka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, orodha inaruka moja kwa moja hadi ziwani. Uvinza haimo. Buha haimo. Sitaki kumlaumu mtu, kwani orodha huandikwa kwa kumbukumbu zilizopo, na kumbukumbu zetu nyingi zimo vichwani mwa wazee.

Kwa hiyo nawaomba. Walimu wa Kabanga, safari ya shule ijayo iende Uvinza kwanza, ndipo ifike Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone. Wakulima na mafundi wa matofali, mkikuta vigae vya kale au mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma, msivitawanye. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kigae kilichohamishwa hakimwambii mchimbaji kitu. Madiwani, ulizeni kwenye vikao vyenu kibao cha kueleza njia hii kitawekwa lini.

Vijana, kazi kubwa ni yenu, na simu mnazo. Kaeni na babu na bibi. Waulizeni nani katika ukoo alifuata chumvi, walilala wapi njiani, walibadilishana na nini, walivukaje mto, waliimba nini. Waulizeni pia juu ya waliokwenda umanamba, yaani kibarua cha mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, maana nao walirudia sehemu ya njia hiyo kuelekea pwani. Wakizungumza Kiha, waacheni waseme Kiha. Andikeni jina la msimulizi akiridhia, kijiji chake na tarehe. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili shuleni, ya tatu mkabidhini afisa utamaduni wa halmashauri, naye asaini kwamba ameipokea.