Bangi mnafyeka, udongo nani ataupima?

Picha ni ile ile kila msimu. Difenda zimeegeshwa kando ya bonde, wakubwa wamesimama na miwani ya jua, mgambo wanafyeka mibangi kwa mapanga, halafu moshi. Kesho yake tunatangaziwa ekari zilizoteketezwa na nani kapongeza nani. Kijana aliyekutwa shambani ameshaondoka na pingu, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inamngoja na kifungo kinachofika miaka 30. Thelathini! Hebu nitajieni kigogo mmoja aliyekwapua fedha za umma akapewa miaka kama hiyo.

Siandiki haya kuitetea bangi. Wapo vijana pale Mwanjelwa na Mlandege ambao imewageuza mazezeta, na mama zao wanajua. Ninachouliza ni kingine. Mbeya na Iringa ni katika mikoa minne iliyosifiwa miaka nenda rudi, pamoja na Rukwa na Ruvuma, kuwa ndiyo ghala la mahindi la nchi hii. Inakuwaje mtoto wa ghalani aone afadhali ahatarishe miaka 30 ya maisha yake kuliko kupanda mahindi kwenye shamba la baba yake?

Bei, mtasema. Ni kweli, na kuhusu bei tumeshapiga kelele mpaka sauti zimekauka. Mipaka inafungwa mkulima akitaka kuuza, inafunguliwa akiwa hana kitu. Lakini chini ya bei kuna jambo ambalo hata sisi wapinzani hatulisemi jukwaani, maana halipigiwi makofi. Udongo umechacha.

Msicheke. Udongo una uchachu kama maziwa yaliyolala, na uchachu huo una kipimo kinachoitwa pH. Saba ni katikati. Ukishuka chini ya saba unaingia kwenye uchachu, na kila namba moja unayoshuka uchachu unaongezeka mara 10. Mahindi yanataka yasishuke sana chini ya 5.5. Yakifika hapo chini, madini ya aluminiamu yaliyokuwa yamelala kwenye udongo yanaamka na kuunguza ncha za mizizi. Mzizi unabaki mfupi kama kidole. Na fosfeti, ile ambayo mkulima ameinunua kwenye mfuko wa DAP kwa kuuza mbuzi, inakamatwa na udongo kabla mmea haujaionja. Udongo wa majivu ya volkano kama ule wa Rungwe na Umalila ndiyo hodari wa kuikamata. Ongeza mvua, ambayo Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, inayosomba chokaa ya asili na kuipeleka Ziwa Nyasa. Chai inafurahia hali hiyo, ndiyo maana makampuni yamestawi Mufindi na Rungwe. Mahindi na maharage yanalia.

Sasa sikilizeni kiini cha maneno yangu. Baadhi ya mbolea tulizofundishwa kuziabudu zinaongeza uchachu huo. SA ndiyo kinara. Urea nayo, ikitumika mwaka hadi mwaka peke yake, inaacha tindikali ardhini. CAN ina nafuu kwa sababu imechanganywa na chokaa. Mbolea si mbaya, na asije mtu akasema gazeti hili limewaambia wakulima waache mbolea. Lakini kumwagia SA miaka 20 kwenye udongo uliochacha, bila chokaa na bila samadi, ni sawa na kumpa mgonjwa wa vidonda vya tumbo maji ya ndimu. Mwaka wa kwanza anapata magunia, wa tano yanapungua, wa kumi anaambiwa na bwana shamba kwamba hakuweka mbolea ya kutosha. Anaongeza. Anakopa ili aongeze. Mwanawe anaangalia hesabu hiyo, anapanda Coaster kuja mjini kuuza soksi, au anapotelea bondeni na mbegu mfukoni.

Tusidanganyane kwamba wakubwa hawakuwa na muda wa kujifunza. Isimani, pale Iringa, watu walifyeka pori miaka ya 1950 wakavuna mahindi ya ajabu bila kurudisha chochote ardhini, na miaka ya 1970 ilipoingia udongo ulikuwa umechoka. Huko huko Isimani, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa kwa risasi katika ugomvi wa shamba. Wote wanaikumbuka risasi. Udongo nani anaukumbuka? Miezi mitano baadaye, Mei 1972, TANU ilikutana Iringa hiyo hiyo ikatoka na Siasa ni Kilimo. Tulipata siasa.

Baada ya hapo zikaja zama za mbolea ya bei chee, kisha zama za ruksa na masharti ya wakubwa wa Washington, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ilikuwa imezikwa. Mwaka 2008 zikaja vocha, nazo hadithi zake mnazijua: vocha hewa, majina hewa, mawakala wanaonunua vocha ya bibi kizee kwa bei ya soda. Agosti 8, 2022, hapa hapa Mbeya kwenye Nane Nane, Rais Samia akazindua ruzuku nyingine baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei, mfuko wa DAP ukashuka kutoka zaidi ya shilingi laki moja na ishirini hadi 70,000. Mwenye haki apewe haki yake, wakulima walipumua. Mwaka huo huo maofisa ugani waligawiwa pikipiki na vifaa vya kupima udongo kule Dodoma, na picha zilipigwa nyingi.

Pikipiki tunaziona, zinapita. Majibu ya vipimo yako wapi? Nenda ofisi ya kijiji chochote Umalila, Mbozi, Kilolo au Mufindi. Ukutani utakuta picha ya Rais, kalenda na orodha ya michango. Mimi nataka nikute karatasi moja tu inayosema: udongo wa kijiji hiki pH yake ni kadhaa, msinunue SA, wekeni chokaa kiasi hiki kabla ya mvua. Hicho ndicho kingekuwa kilimo. Bila karatasi hiyo ruzuku ni kumlipia mgonjwa dawa bila kumpima, na anayeneemeka kwa uhakika ni muuza dawa.

Na chokaa yenyewe iko wapi? Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Iko Songwe! Mawe ya chokaa ya pale ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Mbeya. Reli ya TAZARA, waliyoijenga baba zetu na Wachina, inapita mlangoni, inashuka hadi Makambako, katikati ya mashamba ya Njombe yanayohitaji chokaa kuliko yanavyohitaji hotuba. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa, haina ufundi wa roketi. Tatizo lake ni uzito. Hekta moja inaweza kutaka tani moja au mbili, pengine zaidi kulingana na udongo, na mkulima wa ekari mbili hawezi kukodi fuso kwa ajili ya unga wa mawe. Kwa hiyo gharama ni nauli, na nauli ndiyo kitu ambacho serikali yenye reli ingeweza kukibeba. Behewa linaloshusha chokaa Makambako lina faida kwa taifa kuliko msururu wa magari ya viongozi wanaokwenda kuangalia bangi ikiungua.

Watafiti wetu wa Uyole wanayajua haya. Kituo kile kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki na kimekaa kwenye udongo huu kwa miongo mingi, umbali wa daladala moja kutoka Kabwe. Elimu ipo, imefungiwa kabatini.

Turudi bondeni kwenye mibangi. Vijiweni kuna imani kwamba bangi haitaki matunzo, inaota popote kama magugu. Kama ni hivyo, mbona mashamba yanayofyekwa mara nyingi yako mabondeni kwenye maji, au ndani ya misitu ya hifadhi? Kujificha ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba mmea ule nao una mizizi, nao unataka maji mazuri na chakula, na udongo wa msitu haujachoka. Yule kijana amelikimbia shamba la baba yake kwa sababu limekufa. Mkimfunga, shamba la baba yake litakuwa limefufuka? Atakuja mdogo wake, atafyeka msitu mbele kidogo, na chanzo cha maji kitakauka tukinawa mikono.

Tena angalieni jirani. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, mwaka 2020 ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa na ya viwandani kwa leseni. Rwanda imefungua mlango wa bangi ya dawa mwaka 2021. Sisemi tuige, hilo lina mjadala wake na wazee wetu wa makanisani na misikitini wana neno. Ninachosema ni kwamba siku vigogo wetu wakinusa dola huko, sheria itabadilishwa kwa wiki moja. Mnunuzi wa Ulaya wa dawa anataka vipimo vya udongo, vipimo vya maji, vipimo vya kila kitu. Nani atakuwa na maabara? Si mtoto wa Isimani. Atakuwa mwenye kampuni, na yule mtoto atakuwa bado anamalizia miaka yake Ruanda au Isanga.

Nane Nane ijayo wakija kukata utepe pale Uyole, vijana wa Mwanjelwa na Soweto nendeni. Msiende kwa ajili ya fulana. Kila mmoja abebe udongo wa shamba la kwao kwenye mfuko wa nailoni, aupeleke kwenye banda la Wizara, aseme: Mheshimiwa, nipimie huu.