Namba ya Siri Haiazimwi

Mkulima wa pamba wa Bariadi hutoka jasho msimu mzima. Mlaghai humpokonya malipo yake kwa maneno ya dakika tatu. Hujifanya ofisa wa benki, huomba namba ya siri, na fedha hutoweka. Hapana budi ieleweke kwamba benki haimwulizi mteja namba hiyo kamwe.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ulikusudiwa kumfichua mhalifu. Hata hivyo, zipo laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu bila yeye kujua. Kila mwananchi abonyeze *106# ahakiki zilizo katika jina lake, na namba za walaghai aziripoti 15040.

Mwalimu na mtumishi ndio waombwao kusoma ujumbe wa simu vijijini. Wakinyamaza, mlaghai ndiye atakayefundisha.