Usiuze Mbuzi Ununue Bodi Kubwa

Wasee, leo nimekasirika na nitasema.

Kuna jamaa yangu hapa Angurai ameuza mbuzi wawili. Si ya karo, si ya hospitali. Ameuza ndio anunue Raspberry Pi yenye memori ya 8GB. Alikuwa tayari na Raspberry Pi 3 ya mtumba, memori 1GB, na anaandika programu ya kamera ya kuhesabu malori yanayopanga foleni kuingia Malaba. Wazo safi kabisa. Shida ni kwamba alikuwa anakompaili ndani ya bodi yenyewe. Saa nane usiku memori inajaa, bodi inaganda, asubuhi anaanza upya. Akamuuliza aliyemfunza. Akaambiwa: nunua bodi kubwa.

Na mezani kwake kuna kompyuta ya zamani yenye memori ya 8GB. Kazi yake ni kucheza muziki.

Hapo ndipo nachemka. Hakuna aliyemwambia kwamba programu si lazima ikompailiwe mahali itakapofanyia kazi. Unakompaili upande huu, unavusha, inafanya kazi upande ule. Sisi watu wa mpakani ndio tungeelewa hili kabla ya mtu yeyote. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa huku kwetu, watu wakivushwa mpaka kwa baiskeli. Na mzigo wa Kampala haungoji kufika Kampala ndio ufungwe.

Ati "hayo ni mambo ya mainjinia, wewe anza na Arduino kwanza." Bana, Arduino ndiyo hiyo hiyo! Arduino Uno ina 32KB za kuweka programu na 2KB za memori. Kompaila haiingii humo hata uikunje mara mia. Kila ukibonyeza kile kitufe cha kupakia, kompyuta yako inakompaili kwa ajili ya prosesa nyingine kabisa. Umekuwa ukivusha tangu siku ya kwanza, ni vile tu hukuambiwa.

Sasa anza. Kwenye kompyuta yenye Debian au Ubuntu, andika:

sudo apt install gcc-arm-linux-gnueabihf

Andika programu fupi ya C, iite habari.c, halafu:

arm-linux-gnueabihf-gcc -static habari.c -o habari

Hilo jina refu lisikutishe. Lisome kama namba ya gari: arm ni aina ya prosesa, linux ni mfumo, mengine ni kanuni za upande ule. Sasa andika "file habari". Utaona imeandikwa ARM. Jaribu kuiendesha hapo kwenye kompyuta, itakataa: Exec format error. Usishtuke. Hiyo ni programu ya ng'ambo, haina kazi huku. Ivushe kwa scp hadi kwenye bodi, iendeshe. Itaitika.

Sitawadanganya kwamba hakuna mashimo njiani. Ukitoa "-static", programu itatafuta laibrari za kwenye bodi, na kama zako ni mpya kuliko za bodi, utaambiwa toleo la GLIBC halipatikani. Programu kubwa inataka uwe na nakala ya laibrari za bodi kwenye kompyuta, la sivyo haiungi. Bodi yenye mfumo wa biti 64 inataka kompaila nyingine, gcc-aarch64-linux-gnu. Na zile Raspberry Pi Zero za kwanza ni ARMv6, lakini kompaila hii ya Debian inatoa ya ARMv7, kwa hivyo utapigwa na Illegal instruction. Ijue bodi yako kabla hujalia.

Najua mtu atasema programu ndogo unaweza kuikompaili kwa bodi na maisha yaendelee. Kweli, fanya. Na kama unaandika Python tupu, hii haikuhusu sana. Lakini usimwambie kijana wa Angurai kwamba njia ya kwenda mbele ni pesa, wakati njia ni amri moja ya bure. Huko ni kumfukuza. Wengi hawana mbuzi wa kuuza, kwa hivyo wanaacha tu, na wanaamini tatizo ni wao.

Jamaa yangu sasa anakompaili kwenye ile kompyuta ya muziki. Ilimchukua wikendi nzima kupanga laibrari vizuri. Siku hizi akibadilisha kitu anangoja dakika chache, na programu inakimbia kwenye ile bodi ya zamani ya 1GB. Ile ya 8GB iko ndani ya boksi.

Mbuzi walishaliwa Malaba.