Goma inasomwa ng'ambo, watoto wa Goma wanabaki mlangoni

Kuna somo moja ambalo wakaaji wa Goma wamelilipia kuliko watu wengine wote duniani, na bado hawajapewa diploma yake. Ni somo la vita vya Kivu, udongo wa Kivu na watu wa Kivu. Ada wameilipa kwa majibu. Mama aliyekimbia Masisi ameeleza namna kijiji kilivyochomwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mzee aliyetoka Rutshuru ametaja majina ya waliokufa, yakaandikwa kwenye daftari. Daftari limepanda ndege, mzee amebaki chini ya turubai.

Masomo haya huitwa masomo ya kanda. Mwanafunzi aliyemaliza lisansi anachagua sehemu moja ya dunia, anajifunza historia yake, lugha zake, siasa zake na uchumi wake, kisha anaandika memwari ya masta au andiko la doktora. Hakuna ubaya ndani yake. Ubaya uko mahali darasa lilipowekwa.

Msikilizaji ajue kwanza masomo haya yalizaliwa namna gani. Shule ya London inayojulikana kama SOAS iliundwa mwaka 1916, wakati Uingereza ilihitaji maofisa wanaojua lugha na desturi za watu waliotawaliwa. Neno Afrika liliingia katika jina lake mwaka 1938. Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha programu ya masomo ya Afrika mwaka 1948, na mwaka 1958 sheria ya inchi ile ikatoa pesa za kufundisha lugha na kanda za mbali, juu ya mashindano na Urusi. Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Antwerpen kilianza kutoa kitabu cha kila mwaka juu ya Afrika ya Maziwa Makuu kwa mwaka 1996-1997, wakati kambi za wakimbizi wa Rwanda zilikuwa zimevunjwa hapa hapa kandokando ya Goma.

Kila aliyeanzisha masomo haya alikuwa na haja yake. Mmoja alitaka kutawala, mwingine kushindana, mwingine kuelewa inchi alizozitawala zamani. Hiyo ni haki yao. Swali la Katindo ni rahisi: haja ya mtu wa Goma itafundishwa na nani, na wapi?

Tuangalie kazi yenyewe inavyoendeshwa. Mtafiti anafika na swali lililokwisha kuandikwa kwao. Hajui njia ya Kitshanga, hajui chifu anasalimiwa namna gani, hasikii Kihunde wala Kinyarwanda, na Kiswahili chake ni cha kitabu. Anamtafuta kijana wa hapa, mara nyingi mwenye lisansi, anamlipa kwa siku. Kijana huyo ndiye anapanda moto, anapita vizuizi, anawabembeleza wenye silaha, anatafsiri machozi ya watu mpaka yakawa sentensi. Mtafiti akirudi kwao, kijana anabaki na wale waliomuona akiuliza maswali. Jina lake linatokea katika mstari wa shukrani, likitokea.

Mambo haya hayakuzuliwa kwenye baraza za Katindo. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitoa kitabu kizima, kwa jina la Bukavu Series, chenye vibonzo vya mchoraji Tembo Kash, wakieleza namna watafiti wa Kivu wanavyobeba hatari na kusahauliwa kwenye jalada. Wasomi wenyewe wamekiri. Kilichobaki ni kubadilisha desturi.

Kuna dhambi nyingine, na hii inawagusa zaidi familia zilizokimbia vita. Mtu anayelala njaa akiona mgeni mwenye daftari anafikiri ni kuandikishwa. Anajibu kila swali akingojea jetoni. Anasema mpaka yale ambayo hajamwambia mume wake, akidhani bila hayo watoto hawatapata unga. Mtafiti mwema anaeleza tangu mwanzo kwamba hana msaada mkononi. Lakini maneno hayo yakisemwa haraka, kwa lugha isiyo ya mama, huku foleni imekwisha kujipanga, hayajasemwa. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilihamwa mwanzoni mwa 2025, watu wakatawanyika makanisani, kwa ndugu na katika vijiji vilivyobomoka. Mahojiano yao yamehifadhiwa vizuri kuliko wao wenyewe.

Haki isemwe pia. Si kila mgeni ni mwizi wa habari. Bila watafiti na waandishi waliotoka mbali, mauaji mengi ya Kivu yasingejulikana nje. Mradi wa Usalama wa Rift Valley Institute, ulioanza 2012, ulichapisha historia za makundi yenye silaha ambazo hata watu wa hapa walizisoma kwa faida. Wanaosema mlango ufungwe wanakosea. Mlango uwe wazi, lakini uwe wa pande mbili.

Wapinzani wana majibu mawili. Jibu la kwanza: Goma haina amani, haina pesa, haina maktaba, basi masomo ya juu yangojee. Neno hilo linasemwa tangu zamani, na kama lingefuatwa hakuna kitu kingesimama hapa. Chuo Kikuu Huru cha Inchi za Maziwa Makuu, ULPGL, kilianza Goma mwaka 1985 na kimepita vita vyote pamoja na volkano ya Januari 2002. Pole Institute ilizaliwa Goma mwaka 1997, katikati ya moto wenyewe, ikaanza kutafiti na kuchapisha. Kampala nayo ni mfano wa karibu. Katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, profesa Mahmood Mamdani aliona watafiti wamegeuka watu wa kujibu maswali ya wafadhili, wakiandika ripoti za kulipwa na kusahau maswali yao. Mwaka 2012 taasisi hiyo ikafungua doktora ya miaka mitano, yenye madarasa ya kweli, ili wasomi wa Afrika wafundishwe Afrika. Uganda si inchi ya matajiri.

Tena, Kongo imekwisha kuingia katika mfumo wa LMD tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Vyuo vinalazimika kupanga masta upya. Vikipanga bila somo la Maziwa Makuu, mji huu utazalisha tena mameneja wa miradi ya watu wengine. Na kumtuma mtoto Kinshasa si dawa. Mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mzazi aliyekuwa anatafuta minervali kwa kuuza makala au sombe, angemtuma mtoto wake kwa njia gani?

Jibu la pili: Goma inahitaji madaktari na mafundi wa umeme, si watu wa kuandika historia. Madaktari wanahitajika, ndiyo. Lakini risasi wanazozitoa mwilini zinatoka katika ugomvi ambao wengi wanaubeba bila kuujua. Serikali ya Wabelgiji ilianza mwaka 1937 kuhamisha familia kutoka Rwanda kuzileta Masisi. Sheria ya Januari 1972 ikatoa uraia kwa waliotoka Rwanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1960. Sheria ya Juni 1981 ikauondoa, ikidai mizizi ya mwaka 1885. Sheria ya Novemba 2004 ikabadilisha tena. Katikati yake, sheria ya udongo ya Julai 1973 ikafanya udongo wote kuwa mali ya serikali, wakulima wa desturi wakabaki bila karatasi.

Watu wangapi wa Katindo wanaweza kueleza tarehe hizo tano bila kuongeza uongo wa simu? Watu wanauana juu ya karatasi ambazo hawajazisoma. Anayezijua vizuri mara nyingi yuko Ulaya, na maelezo yake yako katika Kiingereza, ndani ya gazeti la kisomi linalouzwa kwa bei ya magunia ya maharagi. Uongo unatembea bure kwa Kiswahili, ukweli umefungiwa. Huo ndio msiba unaofanya masta ya Maziwa Makuu ihesabike kati ya mambo ya lazima.

Basi vyuo vya Goma na Bukavu viunge nguvu vifungue masta moja ya pamoja, na milango iwe wazi kwa walimu na wanafunzi wa Kampala, Nairobi, Bujumbura na Kigali, maana kanda haiishii kwenye Grande Barrière. Viti kadhaa viwekwe kwa watoto wa familia zilizokimbia vita, wasilipe. Kila mtafiti anayetoka nje aache nakala ya kazi yake katika maktaba ya mji, na muhtasari wa Kiswahili usomwe redioni, katika saa ambayo watu wanasikiliza. Kijana aliyefanya kazi ya mwandishi aandikwe mwandishi.

Vyuo vikichelewa, familia zisingojee. Mgeni mwenye daftari akifika, aulizwe mambo matatu kabla ya jibu la kwanza. Kazi hii ni ya nani na diploma itakuwa ya nani? Nikikataa kujibu, nitapoteza kitu? Majibu yangu yatanirudia kwa lugha gani, na lini? Asiyeweza kujibu hayo, aambiwe kwa heshima arudi siku akiwa tayari. Anayeuliza swali naye ana deni la jibu.