Huduma kwa Jamii Iwe Darasa la Vijana Wakosaji

Wahenga walisema, udongo upatize uli maji. Methali hii yapasa kukumbukwa kila kijana wa Makongeni anapofikishwa mbele ya hakimu kwa wizi mdogo au ugomvi wa mtaani. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Maagizo ya Huduma kwa Jamii mwaka 1998, mahakama za Kenya zina uwezo wa kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kumpeleka gerezani, iwapo adhabu inayomstahili haizidi kifungo cha miaka 3. Hapana shaka hiyo ilikuwa hatua ya busara. Gerezani mwizi wa simu hulala ubavuni pa mnyang'anyi, na aghalabu hutoka na ujuzi ambao hakuingia nao.

Hata hivyo, kumwepusha kijana na gereza si sawa na kumrekebisha. Sheria yenyewe imetaja kazi nyingi: kutengeneza barabara, kupanda miti, kuhifadhi maji, kukarabati shule na hospitali za umma, kuhudumu katika makao ya mayatima. Lakini fikra za wengi huishia kwenye ufagio na fyekeo. Kijana akifagia ua wa zahanati mwezi mzima bila kuelezwa ua huo unamfaa nani, atakachojifunza ni kuhesabu siku zilizosalia tu. Hicho ni kifungo kilichoondolewa kuta.

Makongeni ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ufundi si mgeni huko. Kijana aliyeharibu mali ya watu na awekwe chini ya seremala anayekarabati madawati ya shule. Kazi yake ipimwe kwa ubora, si kwa saa pekee. Kila juma aketi na afisa wa urekebishaji tabia, aeleze alichotenda, aliyemtia hasara na alilojifunza.

Wapo watakaodai kuwa huko ni kumdekeza mhalifu, huku aliyeibiwa akiambulia patupu. Dai hilo lina uzito. Ndiyo maana mwathiriwa hana budi kusikizwa kabla ya kazi kuchaguliwa, kisha aonyeshwe matunda yake. Kifungo cha gerezani hakimrudishii chochote.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana wajibu katika jambo hili. Sheria inaitaka mahakama imweleze mkosaji maana ya agizo kwa lugha anayoifahamu. Kijana wa Eastlands aliyelelewa na Sheng, akisomewa agizo kwa Kiingereza cha kisheria, huitikia asichokielewa. Idara za Kiswahili vyuoni zaweza kuandaa maelezo mepesi ya maagizo hayo, na wanafunzi wakasaidia katika vikao vya kila juma. Hapo lugha itakuwa imetoka darasani ikamfae mwananchi, kwani agizo lisiloeleweka halimfunzi mtu.